Kitabu cha Mali Kauli

Daftari lilikuwa la kurasa 96, limevalishwa gazeti ili jalada lisichakae, na mzee mwenye duka alikuwa amelipigia mistari kwa rula: jina la mwandishi, nakala zilizoletwa, zilizouzwa, fedha iliyolipwa. Jina langu lilikuwa ukurasa wa nne. Nakala 20 zililetwa mwezi wa sita. Kufikia Januari zilikuwa zimeuzwa 4. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vinne vimetoka, mwalimu mmoja alichukua viwili kwa mpigo. Ila hela yake nimeizungusha kwenye madaftari na kalamu, si unaona shule zimefunguliwa? Pitia mwezi wa pili, Mungu akipenda."

Nilitoka katika duka lile la Morogoro bila kinyongo. Mzee yule hakunidhulumu. Vitabu vyangu vilikaa kwenye rafu yake, pango analipa yeye, umeme analipa yeye, na alikumbuka hata aliyenunua ni nani. Tulichokubaliana mwezi wa sita kilikuwa mali kauli: naacha mzigo, analipa ukiuzwa, na kati yetu hakuna maandishi zaidi ya daftari lake. Ndivyo mashati yanavyotoka Kariakoo kwenda mikoani, na ndivyo nyanya zinavyofika gengeni. Ila nyanya ikikaa wiki imeoza, kwa hiyo hesabu yake hufungwa upesi, iwe kwa faida au kwa hasara. Kitabu hakiozi. Kinaweza kukaa rafuni miaka mitatu kikiwa kizima, na hesabu yake ikabaki wazi miaka hiyo yote.

Nimeona nianzie kwenye daftari lile kueleza maisha ya mwandishi anayejichapishia, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kazi hii huanzia kwenye kipaji, kwenye uhuru, au kwenye kampuni zinazokalia miswada ya watu. Hayo yote yapo. Lakini karatasi hulipwa taslimu. Wino, gundi na mashine hulipwa taslimu, mara nyingi nusu kabla kazi haijaanza na nusu kabla mzigo haujatoka mlangoni. Halafu kitabu chenyewe kinakwenda kuuzwa kwa mali kauli. Muda uliopo kati ya malipo yale na mapato haya ndio ambao mwandishi huyu anauishi, na ndani yake ndimo wengi wanamoishia na kitabu kimoja.

Kiswahili kinatenganisha mchapaji na mchapishaji, maneno ambayo watu huyachanganya kila siku. Mchapaji ana mashine. Mchapishaji ndiye anayeamua muswada upi utoke, anamlipa mhariri na msanii wa jalada, anamlipa mchapaji, anakaa na mzigo stoo, kisha anazungukia maduka na madaftari yao. Mwandishi aliyekwenda kwa mchapaji akarudi na maboksi ndani ya bajaji amemaliza kazi ya mchapaji. Ya mchapishaji ndiyo kwanza inaanza, na sasa ni yake.

Tupige hesabu. Tarakimu nitakazotumia nimezichagua ziwe nyepesi. Bei halisi hupanda na kushuka kwa mji, kwa aina ya karatasi na kwa mashine. Chukua riwaya ya kurasa 160. Ukichapa nakala 1,000, tuseme kila moja inakugharimu shilingi 4,000, jumla milioni 4. Mhariri na jalada, 900,000. Umeshatoa 4,900,000. Bei ya kitabu ni 10,000. Duka linachukua asilimia 35, makato ambayo hayashangazi mtu katika biashara hii, nawe unabaki na 6,500 kwa kila nakala. Gawanya sasa: lazima ziuzwe nakala 754 ndipo mtaji wako urudi. Zikiisha zote 1,000, na maduka yote yakalipa bila kukosa hata moja, unabaki na 1,600,000.

Linganisha na mkataba wa kampuni wenye mrabaha wa asilimia 10 ya bei. Nakala 1,000 zilezile zinakupa 1,000,000, na hukutoa hata senti. Tofauti ni 600,000. Huo ndio ujira wako kwa kufunga karibu milioni tano ndani ya maboksi miaka miwili mitatu, kulala nayo chini ya kitanda ukiomba paa lisivuje, na kupitia mwezi wa pili. Tunapozilaumu kampuni za uchapishaji, na mimi nimezilaumu sana, tukumbuke kwamba kitu kikubwa zinachomuuzia mwandishi ni hicho: zinasubiri kwa niaba yake.

Lakini hesabu haijaisha. Nakala hizo 1,000 ukiziuza mwenyewe, mkono kwa mkono, kwa 10,000 kamili, mtaji unarudi kwenye nakala ya 490 na mwishoni unabaki na 5,100,000, kabla ya nauli na vifurushi. Karatasi ni zilezile, jalada ni lilelile. Kilichobadilika ni nani amesimama kati yako na msomaji.

Wengine huogopa mzigo, wakachapa nakala 300 tu. Maandalizi ya mashine hayapungui kwa sababu nakala ni chache, ndiyo maana kila nakala inakuwa ghali zaidi, tuseme 5,500. Hiyo ni 1,650,000, ukijumlisha na zile 900,000 unafika 2,550,000. Zipeleke madukani, ziishe zote, utapokea 1,950,000. Umeuza kila kitabu ulichokuwa nacho na umepoteza 600,000. Nimehudhuria sherehe za waandishi waliomaliza toleo lao la kwanza kwa namna hiyo, watu wakipiga vigelegele, na mwandishi mwenyewe haelewi kwa nini hana hela ya kuchapa la pili. Nakala 300 hizohizo ukiziuza mkononi, 255 zinarudisha kila kitu, 45 zinabaki faida, na uhariri na jalada havitalipwa tena toleo likirudiwa. Kwa hiyo wingi wa nakala na njia ya kuuzia huamuliwa pamoja, siku moja, kabla ya kwenda kwa mchapaji. Nakala chache ni za mkononi. Anayetaka kufika rafu za mikoa kumi achape nyingi, au amwachie mwenye mtaji wa kusubiri.

Kurasa 160 sikuzitaja kwa bahati tu. Katika uchapaji wa mashine kubwa, karatasi moja huchapwa pande zote mbili ikiwa na kurasa 16, kisha hukunjwa mara tatu ikawa kijitabu kidogo. Kurasa 160 ni vijitabu kumi kamili. Ukiwa na kurasa 163 umemlazimisha mchapaji kufungua karatasi nyingine kwa ajili ya kurasa tatu. Mwandishi anayelijua hili hurudi kwenye muswada na kalamu nyekundu, akakata zile tatu, na aghalabu kitabu hunufaika.

Mkunjo huo niliujua vizuri zaidi siku dada mmoja aliponipigia simu kutoka Tabora.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimefika ukurasa wa 80, nikifunua narudi 65. Nimemwacha yule mama kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, na giza limeingia."

Nilifungua maboksi yaliyobaki, nikakaa sakafuni, nikapekua nakala moja moja. Nilikuta 37 zenye kasoro ileile: kurasa 65 hadi 80 mara mbili, 81 hadi 96 hazimo. Kwenye meza ya kufungia, vijitabu hupangwa kwa marundo na mtu hupita akiokota kimoja kimoja kwa mfuatano. Aliyepita siku ile aliokota rundo la tano mara mbili na kuliruka la sita. Kosa la mkono uliochoka saa za jioni. Mchapaji, ambaye nilikuwa nimeshamlipa yote, alikubali kuzirudia iwapo karatasi ningenunua mimi. Tangu hapo mimi hubakiza sehemu ya malipo mpaka nimefungua maboksi na kupekua, hata kama foleni ya wateja iko nyuma yangu na mwenye mashine ananuna.

Shida hii ya nani asubiri haikuanza na kizazi chetu. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, aliandika Tanga, lakini vitabu vyake vilichapishwa na Nelson wa Uingereza na chuo kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg. Muswada ulivuka bahari ndipo uwarudie watu wa Tanga kama kitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya kazi zake alizitoa mwenyewe palepale Tanga, chini ya jina la Art and Literature. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilichapishwa mwaka 2002, na anayezifungua akimtafuta mshairi atamkuta pia baba wa familia anayehangaikia miswada na fedha. Alifariki Juni 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Kila ninapoviona vitabu hivyo viwili nafikiria miaka ile sita, na mwandishi wetu mkubwa kuliko wote ambaye hakuvishika mkononi.

Nairobi, mwaka 1972, David Maillu alianzisha Comb Books ili atoe vitabu vyake mwenyewe, vitabu vyembamba vya Kiingereza kwa ajili ya karani na mfanyakazi wa mjini. Viliuzwa sana, na vilikasirisha wengi kwa jinsi vilivyozungumzia mapenzi na ulevi. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku. Mtu anaweza kubishana kuhusu maadili yake hadi kesho. Mimi natazama stoo. Soko la nchi nzima lilifungwa kwa tangazo moja, na kampuni nyuma yake ilikuwa ya mtu mmoja. Muongo ule haukuisha Comb Books ikiwa imesimama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki 2008 akiwa na miaka 50. Riwaya zake za upelelezi, zile wahakiki wanazoziita riwaya pendwa, zilisomwa zikapasuka majalada. Naye aliamua kuwa mchapishaji, akaanzisha Heko, na Dar es Salaam Usiku ikatoka huko mwaka 1990. Lakini tazama Heko ilitoa nini mwaka 2002: Watoto wa Maman'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo, ambayo wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wameisoma darasani miaka na miaka. Kitabu cha darasani kina msomaji mpya kila Januari, asiyehitaji kutafutwa, na duka hulipa upesi kwa sababu linajua ataingia tena. Wachapishaji wengi wa kanda yetu wanaishi kwa kitabu cha shule, na mwandishi anayejitegemea anayesema atauishi uhuru wake nje ya orodha ya shule inabidi ajue kwamba amejitoa kwenye mto wenye maji ya mwaka mzima.

Maji mengine yamepatikana kwenye simu. Zamani hadithi ya mfululizo ilikuwa ya gazeti, na Eric Shigongo alijenga jina lake na kampuni yake ya magazeti kwa riwaya za namna hiyo, watu wakingoja toleo la wiki ijayo mlangoni mwa muuza magazeti. Leo mwandishi wa Mbagala anaandika sehemu ya kwanza hadi ya kumi, anazitoa bure, anakata pale mlango unapogongwa usiku, kisha anaweka namba yake. Anayetaka iliyobaki anatuma fedha kwa simu, ujumbe wa muamala unaingia, hadithi inatumwa. Wapo wenzetu wasomi wanaoidharau njia hii kwa lugha yake na kwa mapigo yake ya haraka. Mimi naiheshimu kwa jambo moja: imeigeuza mali kauli kichwa chini miguu juu. Msomaji analipa kwanza. Mwandishi asiye na hata laki moja ya mtaji analipwa kabla hajatumia karatasi, na analipwa na mtu anayemjua kwa namba, anayeweza kumwandikia kesho kumwambia kitabu kingine kimetoka.

Njia hiyo ina gharama zake. Ya kwanza inaonekana wazi: aliyelipa anaisambaza kwa kundi la watu 200 kabla hujafunga ujumbe. Nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, isajiliwe isisajiliwe, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Lakini kumshtaki msichana wa Singida kwa kumtumia dada yake hadithi si jambo ambalo mtu mwenye akili atalifanya. Wanaofanya vizuri hawafukuzani na wasambazaji. Wanawahi na hadithi nyingine. Gharama ya pili inagusa uandishi wenyewe, na hii inaniumiza zaidi. Hadithi inayouzwa kwa vipande hujifunza kukatika kila baada ya kurasa nne. Mhusika hapati muda wa kukaa barazani akafikiri. Nimesoma waandishi wa simu wenye sikio la ajabu la mazungumzo, ambao wangeandika riwaya kubwa kama kuna mtu angewalipa kwa sura ya utulivu.

Mtu wa kuwasaidia hapo ni mhariri, naye ndiye wa kwanza kukatwa bajeti inapobana. Naelewa kwa nini. Karatasi inaonekana na jalada linaonekana, ilhali kazi ya mhariri ikiwa nzuri haionekani kabisa. Mhariri wangu, mwalimu mstaafu, alinirudishia sura moja akiwa ameandika pembeni swali moja tu: "Huyu mtoto anakula saa ngapi?" Nilikuwa nimemtembeza mtoto huyo siku mbili bila kumpa chakula, na sura nzima ilikuwa juu ya mama anayempenda. Nililipa pesa kwa swali lile. Kwenye zile 900,000 za mfano wangu, ningepunguza jalada hadi rangi moja kabla ya kumgusa mhariri.

Mambo ya ofisini si mazito kama yanavyosemwa. Namba ya ISBN unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba, na ukishaipata tarakimu zake 13 huwekwa nyuma ya jalada ili duka na maktaba vikitambue kitabu. Iombe mapema, jalada halijachapwa. Anayepeleka vitabu Kenya akumbuke kwamba huko, tangu sheria ya 2013, kodi ya ongezeko la thamani imewekwa juu ya vitabu, na bei aliyoizoea nyumbani haitakuwa bei ya Mombasa.

Uzinduzi nao unastahili tahadhari. Ukumbi, viti, vinywaji, mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa laki tano, meza kuu inafuata, na mshereheshaji anasoma majina. Nusu ya yanayosomwa ni ahadi, nazo ahadi ni mali kauli iliyovaa suti. Jambo jema la siku ile ni karatasi inayopita viti vya nyuma watu wakiandika majina na namba zao za simu. Nimejifunza kuipa karatasi hiyo kijana makini kuliko ninayempa sanduku la fedha.

Kwa sababu namba ndizo zilizonirudishia mtaji. Nina daftari langu sasa, na nimelipigia mistari kama ya mzee wa Morogoro: jina, mji, kitabu alichonunua, alichosema. Lina watu 412. Kabla ya kuchapa kitabu cha pili niliwaandikia wote, mmoja mmoja, nikawaeleza kitahusu nini na kitatoka lini, na kwamba atakayelipa mapema ndiye atakayeniwezesha kununua karatasi. Jibu la kwanza lilitoka Tabora. Nakala yake mbovu nilikuwa nimeshaibadilisha zamani, nikamtumia nzima kwa basi la alfajiri kutoka stendi ya Mbezi, na kondakta alimpigia mwenyewe alipofika. Alituma fedha ya vitabu viwili, kimoja cha mdogo wake. Chini ya ujumbe wa muamala ukafuata mwingine wake mwenyewe: "Kaka, hiki ukikipokea kwa mchapaji, kihesabu kurasa wewe kwanza."

Nilizihesabu usiku kucha, boksi la kwanza hadi la sita, na cha kwake nilikipekua mara mbili.